Krzysztof Kieślowski: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha na filamu zake

Maswali haya ni yale ambayo watu huuliza wakishaangalia filamu yake ya kwanza, iwe wameipenda au imewaacha wakijikuna kichwa. Baadhi ya majibu yanafichua mwisho wa filamu. Kama hutaki kuharibiwa utamu, ruka moja kwa moja hadi swali la wapi pa kuanzia.

Kieślowski ni nani?

Ni mwongozaji wa filamu wa Polandi. Alizaliwa Warsaw tarehe 27 Juni 1941, mji ukiwa chini ya Wajerumani, na akafia Warsaw hiyohiyo tarehe 13 Machi 1996 akiwa na miaka 54. Wengi wanamjua kwa kazi mbili: Dekalog, yaani filamu kumi za saa mojamoja alizoitengenezea televisheni ya Polandi, na Rangi Tatu (Bleu, Blanc na Rouge, yaani Buluu, Nyeupe na Nyekundu), zilizotoka mwaka 1993 na 1994 kwa fedha za Ufaransa.

Kabla ya hapo alikuwa ameshapiga filamu za makala kwa zaidi ya miaka kumi, na mimi naona hapo ndipo penye ufunguo wake. Asiyezijua makala zile humwona Kieślowski kama mwanafalsafa aliyejikuta ameshika kamera. Ukizijua, unaona mpiga makala aliyefika mahali akaiogopa kamera yake mwenyewe, na filamu zote zilizofuata zina alama ya woga huo.

Jina linatamkwaje?

Kshishtof Kyeshlofski, kwa kukadiria. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili, kwa hiyo hutapata taabu sana.

Alikulia wapi?

Hapa na pale. Baba yake, Roman, alikuwa mhandisi mwenye kifua kikuu, na familia ilimfuata kutoka hospitali moja ya wagonjwa wa kifua hadi nyingine. Mahali anapokumbukwa zaidi ni Sokołowsko, mji mdogo wa milimani kusini magharibi mwa Polandi. Palikuwa na ukumbi wa sinema, lakini watoto hawakuwa na hela ya tiketi. Kwa hiyo Kieślowski na wenzake walipanda juu ya paa, wakachungulia kwenye tundu la kupitishia hewa. Kutoka pale walionekana watazamaji na kipembe tu cha skrini, na kwa kijicho cha kukosa filamu walikuwa wakiwatemea mate waliokaa chini. Alisimulia haya mwenyewe alipokuwa mtu mzima, bila kuona haya.

Leo mji huohuo hufanya tamasha la kila mwaka la kumuenzi.

Ni kweli alisomea zimamoto?

Kweli, akiwa na miaka 16, na hakumaliza hata muhula. Miezi mitatu ya sare na filimbi ilimtosha kujua kwamba maisha ya kupangwa foleni hayakuwa yake. Baada ya hapo ndugu mmoja wa familia, aliyekuwa mkuu wa chuo cha mafundi wa tamthilia Warsaw, akampatia nafasi. Huko ndiko alikolipenda jukwaa. Alifanya kazi ya kuwavalisha waigizaji nguo nyuma ya pazia, na miaka mingi baadaye kazi ile ikazaa Personel (1975), filamu kuhusu kijana fundi nguo katika jumba la opera anayegundua kwamba nyuma ya sanaa nzuri kuna majungu ya kawaida ya kazini.

Na chuo cha filamu?

Kile cha Łódź, walikopita pia Andrzej Wajda na Roman Polański, kilimkataa mara mbili. Alipokelewa mara ya tatu, mwaka 1964. Katikati ya misukosuko hiyo jeshi lilikuwa likimtafuta, naye akajinyima chakula makusudi ili apimwe na kuonekana hafai.

Filamu zake za makala zinahusu nini?

Watu wa kawaida na ofisi zao, hospitali zao, viwanda vyao. Urząd (1966), aliyoipiga akiwa mwanafunzi, ni dakika chache tu za dirisha la ofisi ya mafao: wazee wamepanga foleni, karani anataka karatasi moja zaidi, mhuri mmoja zaidi. Yeyote aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" atacheka, kisha atanyamaza. Szpital (1976) inawafuata madaktari wa upasuaji kwenye zamu ya saa 32, wakifanya kazi kwa vifaa vinavyowavunjikia mikononi.

Ninayoipenda kuliko zote ni Gadające głowy (1980). Anawauliza watu mambo yaleyale: umezaliwa mwaka gani, wewe ni nani, ungependa nini zaidi? Anaanza na mtoto mchanga asiyeweza kujibu, anapanda mwaka baada ya mwaka, na kumalizia na bibi wa miaka 100. Vijana wanataka uhuru, haki, watu waache kuogopana. Bibi anataka kuishi zaidi. Filamu nzima ni ya robo saa hivi, na haina maelezo hata ya sentensi moja.

Kuna pia ile ya mlinzi wa usiku (1977), mtu anayependa sheria na adhabu kupita kiasi, na anayejieleza mbele ya kamera kwa furaha, asijue anavyoonekana. Kieślowski hakutaka ionyeshwe kwenye televisheni. Hoja yake ilikuwa rahisi: majirani wa yule mzee wangemcheka. Alichokusudia kukionyesha ni fikra za namna ile. Hakuwa na nia ya kumwaibisha yule mlinzi.

Basi kwa nini aliacha makala?

Sababu zilikuwa kadhaa, lakini tukio moja ndilo lililofunga mjadala. Akipiga Dworzec (1980), makala kuhusu kituo kikuu cha treni cha Warsaw, yeye na wenzake walikesha kituoni wakiwarekodi watu kwenye makabati ya kuhifadhia mizigo, mara nyingine kwa kamera iliyofichwa. Waliporudi, polisi wakaja na kuchukua mikanda yote. Kumbe usiku uleule binti mmoja alikuwa amemuua mama yake, akaupakia mwili kwenye masanduku na kuyaacha kwenye makabati ya kituo hichohicho. Polisi walitaka kuona kama amenaswa.

Hakunaswa. Mikanda ikarudishwa. Lakini Kieślowski alibaki na swali ambalo hakuweza kulikwepa: je, kama kamera ingekuwa imegeuzwa upande wa pili? Angekuwa ameshakuwa mpelelezi wa polisi bila kuulizwa. Picha uliyoipiga kwa nia njema haikai mikononi mwako. Anayeichukua ndiye anayeamua ni ya nini.

Sababu ya pili ilikuwa ya ndani zaidi. Alisema kuna sehemu za maisha ya watu ambazo kamera haina ruhusa ya kuingia: chumbani, kwenye kilio, kwenye kifo. Alifika mahali akaona heri machozi ya dawa ya macho kuliko machozi ya kweli ambayo hakuwa na haki ya kuyapiga picha. Akahamia kwenye waigizaji.

Filamu ya Amator inahusiana na hayo?

Moja kwa moja, ingawa ilitoka mwaka 1979, kabla ya mkasa wa kituoni. Filip Mosz, anayeigizwa na Jerzy Stuhr, ni mfanyakazi wa kiwandani anayenunua kamera ndogo ili ampige picha bintiye aliyezaliwa. Mkuu wa kiwanda anamwomba arekodi sherehe ya maadhimisho ya kiwanda. Filip anaipenda kazi, anapata tuzo, anaanza kuona mambo yasiyotakiwa kuonwa. Mke anamwondokea, na hata pale anapoondoka Filip anaunda fremu kwa vidole ili aone tukio lingependezaje. Halafu mtu mwema kazini anapoteza kazi kwa sababu ya picha zake. Mwishoni Filip anageuza kamera na kujielekezea mwenyewe. Filamu ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Moscow mwaka huohuo, jambo la kuchekesha ukifikiria inavyowasema wakubwa wa viwanda.

Ukienda kaburini kwake, makaburi ya Powązki jijini Warsaw, utaikuta ishara hiyohiyo: mikono miwili imeunda fremu juu ya jiwe.

Serikali ya kikomunisti ilimzuia kufanya kazi?

Ilimchelewesha zaidi ya kumzuia. Mfano mkubwa ni filamu ya Przypadek. Ilimalizika mwaka 1981, lakini tarehe 13 Desemba mwaka huo utawala wa kijeshi ukatangazwa dhidi ya chama cha wafanyakazi cha Solidarność, na filamu ikawekwa kabatini hadi 1987. Humo kijana Witek anakimbilia treni ya kwenda Warsaw, na tunaonyeshwa maisha matatu. Akiidaka, anaingia chama cha kikomunisti. Akigongana na mlinzi wa kituo na kukamatwa, anaishia kwa wapinzani. Akiikosa tu, anabaki daktari asiye na upande. Witek ni yuleyule katika hadithi zote tatu, na hilo ndilo lililowaudhi wakaguzi: kwamba mwanachama na mpinzani wanaweza kutenganishwa na hatua chache za kukimbia.

Msije mkamfanya shujaa wa upinzani, hata hivyo. Bez końca (1985), kuhusu mjane wa wakili chini ya utawala wa kijeshi, ilimkosanisha na pande zote kwa mpigo: gazeti la chama liliiponda, wapinzani wakasema imejaa kukata tamaa, kanisa likakasirikia uchi na kujiua. Yeye alisema walioipenda walikuwa watazamaji wa kawaida, waliomwandikia na kumpigia simu.

Alikutanaje na Krzysztof Piesiewicz, mwandishi mwenzake?

Mahakamani. Mwaka 1982 Kieślowski aliomba kibali cha kurekodi kesi za watu waliokuwa wakifungwa kwa makosa madogo chini ya utawala wa kijeshi, kama kuchora ukutani au kubeba vijikaratasi. Mawakili walimshuku mwanzoni. Piesiewicz alikuwa mmoja wao.

Ikatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga: kamera ikiwepo, mahakimu walisita kutoa hukumu kali. Hawakutaka sura zao zibaki kwenye mkanda wakifanya vile. Habari zikaenea, mawakili wakaanza kumwita kwenye kesi zao, naye akakodi kamera ya pili. Baadhi ya siku ndani yake hapakuwa na filamu hata kidogo. Iliwekwa tu hapo imtazame hakimu. Makala aliyoikusudia haikutengenezwa, kwa sababu kilichotakiwa kupigwa picha hakikutokea.

Piesiewicz hakujua kuandika filamu, lakini alijua mahakama na alijua watu wanavyojitetea. Kuanzia Bez końca waliandika pamoja hadi mwisho. Kwenye filamu hiyohiyo akajiunga mtunzi wa muziki Zbigniew Preisner, na utatu ukakamilika.

Dekalog ni filamu za dini?

Wazo lilitoka kwa Piesiewicz, Mkatoliki, aliyemwambia kwamba mtu atengeneze filamu kuhusu Amri Kumi na kwamba mtu huyo awe yeye. Kieślowski hakuwa mtu wa kanisani. Mpango wa awali ulikuwa kuwapa waongozaji kumi vijana, kila mmoja na amri yake. Alipoisoma miswada ilipokamilika, roho ikamuuma kuigawa, akaziongoza zote kumi mwenyewe na kutumia wapiga picha tisa tofauti. Piotr Sobociński peke yake ndiye aliyepiga mbili.

Zote zinatokea kwenye mtaa mmoja wa maghorofa jijini Warsaw. Mhusika wa filamu moja utamwona akipanda lifti kwenye nyingine. Hakuna mahubiri. Mara nyingi hata huelewi mara moja ni amri gani inayozungumziwa, na nakushauri usihangaike kutafuta. Katika ya kwanza, baba msomi anakokotoa kwa kompyuta kama barafu ya ziwani inaweza kumbeba mwanawe anayetaka kuteleza. Hesabu ni sahihi. Barafu inapasuka. Mtu wa dini ataona adhabu ya kuabudu mashine, na filamu haimkatazi. Haimkubalii pia.

Mwaka 1995 Vatikani iliiweka Dekalog kwenye orodha yake ya filamu 45 bora.

Yule kijana asiyesema neno ni nani?

Mwigizaji anaitwa Artur Barciś. Anapita karibu kila filamu ya Dekalog, mara akiota moto kando ya ziwa, mara akiwa na ngazi, anatazama, hasemi. Watu humwita malaika, Ibilisi, dhamiri, Mungu. Haonekani kwenye ya saba na ya kumi. Ya kumi imeachwa kwa sababu ina utani mwingi, na kwenye ya saba kipande chake hakikutoka vizuri. Nalitaja hili kwa wale wanaopenda kujenga nadharia kubwa juu ya kukosekana kwake.

Je, filamu yake ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo Polandi?

Hapana, ingawa ilichangia mjadala kwa wakati wake hasa. Krótki film o zabijaniu, toleo refu la Dekalog ya tano, ilitoka kwenye majumba ya sinema Machi 1988. Mtu wa mwisho kunyongwa Polandi alinyongwa Aprili 1988. Baada ya hapo hukumu hazikutekelezwa tena, na sheria mpya ya jinai ya 1997 ikaifuta kabisa adhabu hiyo.

Filamu yenyewe ni ngumu kuiangalia. Kijana Jacek anamuua dereva wa teksi bila sababu inayoeleweka, kwa kamba, fimbo na jiwe, na tukio linachukua takriban dakika saba. Kisha dola inamuua Jacek. Kabla ya kunyongwa, mnyongaji anakagua kapi, anaipaka mafuta, anaweka beseni la plastiki chini ya mlango wa sakafuni. Beseni lile ni la nini utalielewa baadaye. Hapana hotuba ya wakili itakayokushawishi kama lile beseni. Mpiga picha Sławomir Idziak alitumia vichujio vya kijani alivyovitengeneza mwenyewe, ukingo wa picha ukawa giza, na jiji likaonekana kama limelala na homa.

Ilipata tuzo ya jopo la majaji Cannes mwaka 1988, na mwaka huohuo ikawa filamu ya kwanza kabisa kutwaa Tuzo ya Filamu ya Ulaya.

Naweza kuziangalia na watoto?

Hiyo ya kuua, hapana. Dekalog ya sita pia ni ya wakubwa. Ya kwanza ina mtoto ndani, lakini si ya watoto.

Rangi Tatu zinahusu bendera ya Ufaransa?

Bendera na kaulimbiu yake: uhuru, usawa, udugu. Kieślowski hakujidai kuwa mzito kwenye hili. Alisema wazi kwamba maneno ni ya Kifaransa kwa sababu fedha ni za Kifaransa. Alichokitaka ni kuuliza maneno hayo yana maana gani mtu akiwa peke yake nyumbani kwake. Julie wa Bleu anafiwa na mume na binti katika ajali ya gari na anapata uhuru asioutaka. Karol wa Blanc, mtengeneza nywele wa Kipolandi aliyepewa talaka Paris, anautafuta usawa kwa njia ya kisasi. Anarudishwa nyumbani ndani ya sanduku la nguo, sanduku linaibwa uwanja wa ndege, wezi wanampiga na kumtupa jalalani kwenye theluji, naye anatazama huku na huku na kushukuru kwamba hatimaye amefika nyumbani. Rouge inatokea Geneva: mwanamitindo Valentine anakutana na jaji mstaafu anayesikiliza simu za majirani zake.

Jaji yule ni Kieślowski mwenyewe, au angalau ule upande wake uliomtoa kwenye makala. Amekaa, anawasikiliza watu wasiojua, anaelewa kila kitu na hamsaidii yeyote.

Ile habari ya kipande cha sukari ni ya kweli?

Ni ya kweli, na aliieleza mbele ya kamera. Katika Bleu, Julie, anayeigizwa na Juliette Binoche, ameketi mkahawani. Anagusisha kipande cha sukari kwenye kahawa, kahawa inapanda taratibu hadi kipande chote kinakuwa cheusi, anakiachia. Maana yake ni kwamba hataki kujua lolote zaidi ya kikombe kile. Kieślowski alihesabu kwamba mtazamaji atavumilia sekunde tano. Vipande vya kawaida vilichukua nane. Kwa hiyo msaidizi wake alifanya kazi ya kujaribu sukari za kila aina mpaka ikapatikana inayolowa kwa sekunde tano. Wanaosema kwamba filamu zake zinakwenda polepole kwa kutojali muda wa mtazamaji waanzie hapo.

Naweza kupata wapi nyimbo za Van den Budenmayer?

Huyo mtunzi wa kale wa Kiholanzi hakuwahi kuwepo. Preisner na Kieślowski walimbuni, wakamtaja kwenye filamu kadhaa kwa uso mkavu, na watu wakaanza kumtafuta madukani. Muziki wote ni wa Preisner.

Kwa nini hakupata Oscar?

Bleu iligawana Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1993 na filamu ya Robert Altman. Blanc ilimpa tuzo ya mwongozaji bora Berlin mwaka 1994. Rouge ilikwenda Cannes ikarudi mikono mitupu. Uswisi iliipeleka Oscar kama filamu ya lugha ya kigeni, Akademi inayotoa tuzo hiyo ikaikataa kwa hoja kwamba haikuwa ya Kiswisi vya kutosha: mwongozaji Mpolandi, fedha za Ufaransa. Kisha Akademi ileile ikaiteua kwa uongozaji, mswada na upigaji picha. Haikupata hata moja.

Ni kweli alistaafu akiwa kileleni?

Alitangaza mwaka 1994, akiwa na miaka 52, kwamba amemaliza. Alikuwa amechoka vibaya, kwani filamu tatu alizipiga karibu kwa mfululizo, akihariri moja huku akipiga nyingine. Alisema atakaa na kuvuta sigara, na sigara alizivuta kweli. Lakini kuandika hakuacha. Yeye na Piesiewicz walianza utatu mwingine: mbinguni, jehanamu na toharani. Mwaka 1996 alifanyiwa upasuaji wa moyo Warsaw na hakupona. Tom Tykwer, ambaye filamu yake ya mwaka 1998 ya msichana anayekimbia mara tatu ina undugu wa wazi na Przypadek, aliiongoza ile ya mbinguni mwaka 2002. Danis Tanović akaiongoza ya jehanamu mwaka 2005.

Nianze na ipi?

Dekalog ya kwanza. Ni saa moja tu, na kama haikukugusa hujapoteza usiku mzima. Kisha Blanc, kwa sababu inachekesha na itakuondolea hofu kwamba huyu ni mtu wa huzuni tupu. Halafu Amator. Bleu na Rouge ziweke baadaye, ila usiiangalie Rouge kabla ya zile mbili nyingine za rangi, maana mwisho wake unazikusanya zote.

Tahadhari moja kwa waliozoea filamu za kutafsiriwa na DJ kwenye kibanda umiza: hizi hazitafsiriki namna hiyo. DJ atakaa kimya dakika nne nzima akisubiri mtu aseme kitu.

Ipi naweza kuiruka?

Krótki dzień pracy (1981). Mwenyewe hakuipenda.